Chanjo Niliyomkataza Dadangu, na Homa Niliyompelekea Mwanawe

Msinipe pole, sizitaki. Mimi ndiye niliyekosa, na nikiendelea kulala na jambo hili kifuani nitapasuka.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni fundi wa nguo, naishi Ziwani, na kila ninachokijua nilijifunza mwenyewe kwa simu. Mshono ukipinda hata kidogo nafumua wote, naanza upya. Watu wa kwetu walinisifu kwa hilo. "Muulizeni huyo, huyo husoma mpaka mwisho." Nami, mjinga, nikavimba kichwa!

Mdogo wangu, nitamwita Shiro ingawa si jina lake, anaishi mtaa wa Fedha na mumewe. Alipokuwa mjamzito nilimsindikiza kliniki moja upande wa Makadara. Nesi akamwambia kuna chanjo ya homa, hii homa ya mafua inayozunguka mtaani baridi ikiingia, na kwamba ni vizuri mama mjamzito aipate.

"Mtoto akizaliwa hatuwezi kumchanja hii mpaka afikishe miezi sita," nesi alisema. "Kinga yake ya mwanzo inatoka kwako, mama."

Shiro alikuwa ameshapandisha mkono wa sweta. Ameshapandisha! Mimi nikaingilia.

"Una uhakika asilimia mia kwamba haitamdhuru?"

"Dada, hata chai niliyokunywa asubuhi sina uhakika nayo asilimia mia," nesi akacheka kidogo. "Lakini wajawazito wengi wameipata wakiwa salama. Na homa ikimshika mtoto mchanga, si mchezo. Nimeiona."

"Basi kama huna uhakika, usitujaribie hapa. Shiro, twende. Ngoja nifanye utafiti kwanza."

Shiro akanitazama, akamtazama nesi, kisha akashusha mkono wa sweta.

Utafiti! Nilisoma nikipika, nikasoma nikiwa kwenye cherehani. Daktari akisema chanjo ni salama, natafuta mtu wa kusema si salama, na nikimpata namwamini huyo, hata kama hajasema yeye ni nani. Shiro alikuwa akinipigia. "Vipi, umefikia wapi?" Namjibu, "Bado."

Sikuwahi kumwambia hapana. Hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Niliogopa kusema ndiyo, halafu kitu kitokee nilaumiwe mimi. Nikajidanganya kwamba nisiposema lolote sitakuwa na kosa. Naye aliniamini, akangoja, akangoja, mpaka akajifungua msichana.

Sasa kwetu mtoto akizaliwa, wanawake hukusanyika kwenda kumwona. Tunaita itega. Mnabeba njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyejifungua, na uji na zawadi, mnaimba mlangoni mpaka mfunguliwe, kisha mtoto anapitishwa mkono kwa mkono kila mtu ambariki. Mipango yote niliishika mimi. Nilishona nguo za wanawake wote kwa kitambaa kimoja, na nilifumua yangu mara kadhaa mpaka nikaridhika.

Siku chache kabla ya kwenda, homa ikaniangusha. Viungo vinauma, pua inachuruzika, kichwa kama kimepigwa nyundo. Mtu mwenye akili angebaki kwake. Mimi niliwaza picha! Niliwaza pengo kwenye ule mstari wa sare, na pengo lenyewe ni la fundi. Nikameza dawa za kutuliza, nikapaka poda puani palipokuwa pamewiva, nikaenda Fedha.

Tulipomaliza kuimba na kuingia ndani, Tata, shangazi yetu, akanikodolea macho. "Huyu fundi wetu analia kwa furaha ama ni kamasi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Shiro hakucheka. Alinivuta kando.

"Dada, uko na homa?"

"Homa gani? Ni vumbi la vitambaa. Si unajua kazi yangu."

"Niambie ukweli. Ni kwa sababu ya mtoto."

"Wee Shiro, acha kunitia aibu mbele ya watu! Nimekwambia ni vumbi."

Akanipa mtoto. Ee Mungu wangu, akanipa! Nikamkumbatia, nikambusu kichwani, nikazunguka naye sebule nzima nikimpitisha kwa kila mwanamke, huku nikimpumulia usoni. Picha zilitoka nzuri sana. Nimezifuta zote.

Wiki haikuisha. Mtoto alikataa kunyonya, kifua kikawa kinadidimia kila akivuta pumzi. Nilipofika hospitalini amewekewa mrija wa oksijeni, na kile kiuso kilikuwa kidogo mno, plasta za kushikilia mrija zilikuwa zimefunika mashavu yote. Madaktari walikuwa wamempima. Ni homa ileile ya mafua.

Shiro alikuwa amesimama kwenye korido. Hakunisalimia.

"Daktari ameniuliza kama nilichanjwa," akasema. "Nimemwambia dadangu alikuwa bado anasoma."

"Shiro, nisamehe..."

"Vumbi gani linalaza mtoto kwa oksijeni? Nijibu! Si wewe ndiye unajua kila kitu?"

Na mnajua nilimjibu nini? Hata pale, hata mbele ya mlango wa wodi, bado nilitaka kuonekana sijakosea! "Kwani daktari hajakwambia chanjo haizuii homa zote?"

"Amesema huenda ingempunguzia." Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Toka hapa kabla sijakuchapa mbele ya wagonjwa."

Mama yetu alikuwa kwenye benchi, amesikia yote, na uongo wa vumbi akausikia hapo kwa mara ya kwanza. Hakunitetea. "Nenda nyumbani wewe," akasema. "Umefanya ya kutosha."

Mtoto alipona. Namshukuru Mungu, alipona. Lakini familia walinitoa kwenye group, na habari za mtoto ninazipata kwa Tata, naye hunipa kama mtu anayemtupia kuku makombo.

Nilirudi kliniki ileile peke yangu, nikachanjwa. Nesi hakunikumbuka. Sindano iliingia na kutoka kabla sijamaliza kukunja uso.

"Ni hiyo tu?" nikamuuliza.

"Ni hiyo tu."

Nililia ngazi zote mpaka chini.

Kutoka hapo nikaenda Fedha. Shiro alifungua mlango wa mbao lakini grili akaiacha na kufuli. Mtoto alikuwa begani kwake, amenenepa, ananitazama.

"Nimechanjwa," nikasema. "Na sina homa. Naweza kumshika kidogo tu?"

Akanitazama kama alivyonitazama siku ile mbele ya nesi.

"Ngoja nifanye utafiti kwanza," akasema, akafunga mlango.

Sasa wewe unayesoma hapa, hasa wewe unayejiona mjanja kwa sababu ya simu yako, nakuambia bila adabu: mtu akikuuliza jambo usilolijua, sema hujui, umrudishe kwa aliyesomea. Usimfanye mjamzito asubiri woga wako uishe. Na pua yako ikichuruzika, kaa kwako! Mtoto mchanga hana haja na sare yako.

Yangu ninayo bado, imening'inia nyuma ya mlango. Nimeikagua tena leo asubuhi. Haina mshono hata mmoja uliopinda.