Mluzi Kwenye Koo la Mama Fundi

Siku Samahani alipomwona Mama Fundi kwa mara ya kwanza, nusura amuue. Hakukusudia. Alifuata kanuni tu: mgonjwa wa kwenda chumba cha upasuaji alazwe chali, afunikwe shuka, asukumwe taratibu. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya kusukuma machela hospitalini, na kanuni alizipenda kwa sababu zilimpunguzia maneno. Basi akashusha mgongo wa machela. Mama wa watu akatoa macho, akamkwida shati, akamvuta hadi pua zikakaribia kugusana.

"Niinue!" alikoroma. "Nikilala chali nakufa, we baba!"

"Samahani," alisema, akamwinua upesi. "Samahani sana."

Neno hilo ndilo lililompa jina pale kazini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, aliyeishia darasa la saba, mwenye mdomo mzito kiasi kwamba akigonga mlango kwa bahati mbaya, huuomba radhi. Hata alipokwenda kuposa, kaka yake ndiye aliyemsemea, na mkewe mpaka leo husema ilibaki kidogo aolewe na shemeji.

Mama Fundi alikuwa mshonaji wa nguo. Mwaka uliopita aliugua mapafu, akawekewa mashine ya kupumulia kwa wiki tatu. Alipona, lakini pale mpira wa mashine ulipokaa kooni palibaki kovu, na kovu likaibana njia ya hewa mpaka ikawa kama tundu la kifungo. Siku ile madaktari waliipanua, wakamtia ndani kimrija cha silikoni, wenyewe wanakiita stenti, ili isijifunge tena.

"Wamenifungia bomba," alimwambia Samahani alipomrudisha wodini. "Na wewe uliyetaka kuniua, unaitwa nani?"

"Samahani."

"Nimeshakusamehe. Jina lako?"

"Ndilo hilo, mama."

Alicheka mpaka sista akaja kumkanya asije akakohoa bomba likatoka.

Tangu hapo, asubuhi na alasiri, Samahani alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka chumba cha kuvuta mvuke wa maji ya chumvi, ili makohozi yasikaukie ndani ya mrija. Njiani Mama Fundi alisema kwa niaba ya wote wawili. Aliwasema wateja wanaodanganya kuhusu viuno vyao. Akaitazama suruali ya Samahani, akatikisa kichwa.

"Hiyo umeazimwa? Humo wanaingia watu wawili."

"Hata mmoja haingii vizuri, mama."

Alijishangaa. Utani ulikuwa umemtoka mwenyewe! Jioni alimsimulia mkewe mara tatu, na mara ya tatu mkewe akaenda kulala.

Siku ya sita, baada ya Mama Fundi kukesha akikohoa, Samahani aliusikia mluzi. Ulikuwa mwembamba, na ulitoka kila mama alipovuta hewa. Msukuma kiti sikio lake huwa juu ya kichwa cha mgonjwa. Hayo ndiyo yote anayoyajua zaidi ya daktari.

"Mama, unapiga mluzi."

"Nyamaza! Nikivuta taratibu hausikiki." Aligeuka kumtazama. "Kesho wananiruhusu. Wakijua watanirudisha kule ndani. Nimechoka na vitanda vya watu, mwanangu. Nataka kwangu, nataka cherehani yangu. Hili ni la mimi na wewe."

Hakuna mtu aliyewahi kumpa Samahani siri. Wenzake walimpa ndoo. Aliibeba siri ile kama yai mfukoni, akajiona mtu miongoni mwa watu. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata hii ilikuwa inavuja jasho. Mwenyewe alikuwapo sista alipomweleza mama: ukisikia mluzi sema mara moja, maana mrija ukihama unaweza kuziba njia yote. Alasiri ile Mama Fundi alikatiza masengenyo yake katikati ili atafute pumzi. Ikitokea hivyo nyumbani, nani atamkimbiza, na kwa machela ipi?

Asubuhi madaktari walipita wodini, makoti meupe saba. Mama Fundi alivuta hewa kidogo kidogo kama mtu anayeonja chai ya moto, huku anatabasamu. Daktari mkuu alimsikiliza mgongoni, akachukua kalamu ili atie saini ya ruhusa. Samahani alisimama nyuma ya kiti. Sentensi alikuwa ameiandaa tangu alfajiri: Daktari, naomba kutoa taarifa. Akafungua mdomo, isitoke hata herufi moja.

Akapiga mluzi.

Makoti meupe yote saba yaligeuka.

"Ni nani huyo?" sista alifoka.

"Samahani."

"Jina lako tunalijua! Una nini?"

"Ni... ni mama," alisema, masikio yanawaka. "Hivyo ndivyo anavyolia. Akivuta kwa nguvu."

"Mtu mzima na ndevu zake!" Mama Fundi alimaka. "Anapiga miluzi mbele ya madaktari kama anayeita mbuzi, nanyi mmemtulizia macho mnamsikiliza—"

Pumzi ikamwishia hapo hapo. Akavuta nyingine kwa nguvu, na mluzi ukasikika mpaka kitanda cha mlangoni.

Daktari aliiweka kalamu mfukoni.

Mrija ulikuwa umeteleza kwa kikohozi, na ukingo wake umeanza kuziba kwa makohozi. Waliutoa, wakaweka mwingine mpana zaidi. Samahani ndiye aliyemsukuma kwenda na kurudi, na Mama Fundi hakumpa hata salamu. Siku nane walikwenda kwenye mvuke kimya, kama watu wanaosindikiza jeneza.

"Umeongea mara moja maishani," mkewe alimwambia, "ukapoteza rafiki. Ndiyo maana huwa sikulazimishi."

Siku ya ruhusa alimsukuma mpaka getini, ambapo binti wa Mama Fundi alisubiri na gari. Mama alisimama mwenyewe. Alivuta hewa ndefu, ya makusudi, nayo ikaingia bila sauti yoyote. Samahani akajikohoza.

"Mama, mimi nilitaka kusema—"

"Usiseme, utapiga mluzi," alimkata. Akaingia garini, akashusha kioo. "Ulinisaliti, mwanangu. Mwingine akikuomba umfichie, umsaliti na yeye."