Theluji Iliyomnyamazia Hilja

Hilja, kwa lugha yetu, maana yake kimya. Waliompa jina hilo walikosea vibaya, maana hapa Tuira, mtaani kwetu katika mji wa Oulu, hakujawahi kutokea mdomo kama wake. Ni mjane, jirani yangu wa mlango kwa mlango, na basi hapandi. Dukani, kanisani, mazikoni, kote anakwenda kwa baiskeli, hata theluji ikiwa ya magoti.

Kipimajoto hana. Anasikiliza matairi. Theluji ikinong'ona, baridi ni ya kawaida. Ikilia kama mlango usiotiwa mafuta, anarudi ndani kuongeza soksi. Njia panda nazo anavuka kwa masikio tu, kwa sababu kugeuza shingo ni kuukaribisha upepo kwenye kola.

Jana asubuhi nilimkuta anafungua kufuli ya baiskeli mikono mitupu.

"Hilja, glavu ziko wapi? Leo tutaganda!" Nikamnyooshea zangu.

"Acha uoga, Veikko. Nimezunguka uani, theluji kimya kabisa. Baridi imevunjika."

Akaondoka. Theluji ikalia chini ya tairi mpaka meno yakanisisimka. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Ndipo nikaelewa.

Nikarukia baiskeli yangu, nikamfuata. Nikapiga kengele. Nikaita jina lake. Watu wakageuka, yeye hapana. Kwenye njia panda ya dukani trekta la kusukuma theluji lilikuwa linarudi nyuma, king'ora kinalia, taa ya njano inazunguka kwenye kuta. Hilja akapunguza mwendo, akasikiliza kama kawaida yake, akakanyaga pedali.

Nilipiga yowe nikadhani koo limechanika. Aliyenisikia ni dereva. Trekta lilisimama likiwa karibu kugusa kikapu cha baiskeli ya Hilja, naye akapita hana habari.

Dukani nilimkuta anapuliza vidole vilivyokuwa vyeupe, anavishangaa.

"Hilja, masikio yako yamekufa," nilisema kwa sauti iliyokwaruza. "Baiskeli basi, dada yangu. Utauawa."

Alinitazama mdomo, akacheka.

"Unanong'ona nini, we mzee? Baridi imekukaba koo?"

Akatia kahawa na mkate kwenye kikapu, akanivuta mkono.

"Twende zetu mapema, kabla matrekta hayajatoka."