Debe Ng'ambo ya Mto wa Mchanga

Risasi ya mbali ina sauti mbili. Ya kwanza inatoka kwenye bastola na kukupiga kifuani. Halafu kunakuwa kimya, muda wa kumeza mate, ndipo bati la shabaha linajibu kule mbali: tii. Lisipojibu umekosa, na hakuna haja ya kumuuliza mtu.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimekaa chini ya kivuli cha mabati kwenye uwanja wa shabaha, nje ya Doha, nikimngoja bosi wangu. Mimi ni dereva wake. Namchukua nyumbani kwake, mtaa wa Muaither, alfajiri, kabla jua halijaanza ukali wake. Bastola yake si ya kununua tu dukani. Yeye na fundi wake wameiunda kipande kwa kipande: mtutu mrefu umeagizwa nchi moja, darubini nchi nyingine, na mpini umechongwa kufuata kiganja chake, mtu mwingine akiushika haumkai. Anajiandaa kwa mashindano ya masafa marefu. Asubuhi hiyo yote alikuwa anakosa.

Askari wa lango, kijana wa kwetu Kenya, akaniinamia sikioni. "Mzee, hiyo darubini inaona mpaka Bahrain, na bado bati hailioni."

"Nyamaza wewe. Mkate wangu uko kwenye bati hilo."

"Basi leo utalala njaa, mzee."

Mara bati likalia. Tii. Bosi akageuka, meno yote nje. "Shuf, baba, shuf!" yaani nitazame. Nikampungia mkono. Lakini rafiki yangu, sikuwa pale tena. Ile sauti inayochelewa kurudi ilikuwa imenipeleka Kitui, kwenye ukingo wa mto usio na maji.

Nisikufiche, shule niliishia darasa la tatu. Baba alipokufa, karo ilikufa naye. Kusoma vizuri nilijifunza kwa magazeti ya kufungia nyama, na sioni haya kusema. Nililelewa na nyanya, mama yake mama. Jioni ungemsikia anatwanga mahindi kwenye kinu, dum, dum, akitoa maganda kwa ajili ya muthokoi, kisha anayatia jikoni pamoja na kunde mpaka nyumba nzima inanukia. Kazi yangu ilikuwa maji. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu mwaka mzima, isipokuwa siku chache za mvua. Unachimba kwa mikono, unakaa, unangoja, maji yanachuruzika taratibu kama mtu anayelia kwa siri. Unateka kwa kibuyu hadi mtungi ujae. Maji yale yalikuwa baridi na matamu. Hapa nakunywa ya chupa, hayana ladha yoyote.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa pinde. Kwake upinde ulipimwa kwa mwenyewe: ukisimama, ncha ifike kwenye nyusi zako, si za kaka yako. Mti wa mkole uliokatwa uliwekwa juu ya dari la jiko la nyanya ukavuta moshi kwa miezi, kisha ukasuguliwa kwa mafuta ya kondoo mpaka ung'ae. Kila mtu alichonga alama yake kwenye mshale, ili mnyama akianguka pasiwe na ugomvi. Yangu ilikuwa mikato miwili iliyolala.

Mwaka mmoja kiangazi kilikaza. Jirani yetu mwenye ng'ombe wengi akataka kijana wa kwenda na wachungaji wake malisho ya mbali, kule kwenye fisi na wezi. Atakayekwenda atakunywa maziwa kila siku, na mvua ikinyesha atarudi na ndama jike. Ndama jike, bwana! Nyanya hakuwahi kumiliki hata mkia wa ng'ombe. Jirani akasema hataki maneno: debe litatundikwa ng'ambo ya mto, vijana wapige kwa zamu kutoka huku, na wa kwanza kuliliza ndiye atakayekwenda.

Upinde wangu ulikuwa mzuri, hilo mjomba mwenyewe alilikubali. Shida ilikuwa manyoya ya mshale. Sheria yake ilikuwa moja: manyoya yote yatoke bawa moja, la kulia yote au la kushoto yote, ili mshale uzunguke upande mmoja hewani. Nyanya alikuwa amemchinjia jogoo mwinjilisti aliyetutembelea, na alipokuwa akimbabua jogoo huyo motoni, bawa la kulia likaungua karibu lote. Nikapata manyoya mawili tu ya kulia. La tatu nikachukua la kushoto. Nani ataona?

Nilijaribu uani, kutoka mlangoni mpaka boma la mbuzi. Kila mara nilipiga palepale. Nyanya akaacha kutwanga akacheka. "Huyu atatuletea maziwa."

Mjomba akaushika mshale, akaugeuza, akanirudishia. "Kwa karibu, kila mtu ni fundi," akasema. "Umbali ndio unaomuumbua." Nilidhani ananionea wivu.

Siku yenyewe kijiji kizima kilikuja. Akina mama waliweka mitungi chini wakasahau maji. Vijana walikosa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekosa alipata lake.

"Umelenga debe au umelenga mbingu?"

"Mwacheni, anatafuta mchumba ng'ambo!"

Ilipofika zamu yangu mtu akapiga kelele, "Darasa la tatu, piga hesabu kwanza!" Nikavuta kamba mpaka shavuni. Mshale ukatoka vizuri, nakuambia, ukapanda juu ya mchanga mweupe umenyooka. Nyanya alikuwa amesimama na kiganja juu ya macho. Halafu katikati ya mto mshale ukaanza kutikisa mkia, kama mbwa aliyetoka majini. Ukapinda, ukachoka, ukajichomeka mchangani hatua chache kutoka kwenye debe.

Akaingia mwana wa mhunzi wa kijiji chetu. Alikuwa mfupi kuliko mimi na upinde wake ulikuwa na kovu. Akaachia. Kimya. Kisha kutoka ng'ambo: ngaa. Mama yake akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Nyanya hakunilaumu. Alijitwika mtungi wake akasema tu, "Twende, muthokoi itaungua."

Mvua iliporudi, mwana wa mhunzi alirudi na ndama wake. Mimi nilikuwa nimekwishaondoka. Nilitembea mpaka barabara kuu nikawa utingo wa lori. Kwenye lori nikajifunza kuendesha, lori likanifikisha bandari ya Mombasa, na bandari ikanileta huku. Hakuna aliyenishika mkono. Nimesomesha watoto mpaka mmoja ni nesi na mwingine yuko ofisi yenye kiyoyozi. Nimejenga nyumba ya mawe Kitui, na mimi mwenyewe nalala kitanda cha kukodi hapa Doha, mtaa wa Al Mansoura, chumba kimoja na wanaume wengine wanaokoroma. Wakiniita tajiri nakubali, maana sikuiba. Ila nimechoka. Magoti yamechoka, na hata kujisifu kunachosha.

Mwana wa mhunzi hunipigia simu. Ni mzee kama mimi, ana zizi zima. Anasema malori yamebeba mchanga wa mto kwenda kujenga Nairobi, umebaki mwamba mtupu, na ukichimba hupati maji. Mjomba alikufa na patasi zake zikauzwa kama vyuma chakavu. Siku hizi ukionekana na upinde barabarani polisi watakuuliza unakwenda kumuua nani.

"Utarudi lini, ndugu yangu?" huniuliza.

"Mwakani."

"Umesema mwakani tangu nikiwa na meno."

Hucheka, nami hucheka. Kuna jambo hatulitaji. Nyanya alipokufa nilikuwa hapa Doha, sikupata ruhusa ya kusafiri. Nilituma pesa za jeneza. Kaburi alilichimba mwana wa mhunzi, kwa jembe lake, na miaka yote ya mwisho maziwa ya nyanya yalitoka kwake.