Cherehani ya Mama Delphine

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1974. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na udongo mwekundu wa mtaa uitwao Kenya, katika mji wa migodi ya shaba, ukanata kwenye viatu vya waombolezaji.

Paulin, fundi wa mgodini, alizikwa jana yake. Sasa ndugu zake walikuja kubeba vitu vyake. Kaka yao mkubwa, Kalaba, mtu wa chama tawala, alikwisha kutoa kitanda na redio. Ilibaki cherehani, tegemeo la mjane Delphine la kulisha watoto wake.

Albertine, jirani na mwalimu wa dini, alipoona vijana wanaiinamia, akaenda akaketi juu ya meza ya cherehani.

"Sitwayeni Kapya, toka pale!" Kalaba alisema. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali, na kila mwanamke akaitwa sitwayeni, yaani raia.

"Uniite Albertine. Kapya iko jina ya baba, na baba hakukuwa mwizi."

Watu wakacheka. Albertine alikuwa wa ukoo wa samaki, Kalaba wa ukoo wa mamba. Koo hizo huzikana na kutaniana, na maneno ya mtani msibani hayana adhabu.

"Hii njo desturi ya bankambo," Kalaba akasema, akiwataja mababu. "Zambi ya mon père, padri wako, iko ya Bazungu. Kila bantu na desturi yabo."

"Ee, mamba! Na dada yako wa Kasomeno? Bandugu ya marehemu bwana yake balipokamata masufuria yake, nani alilia hapa, 'Bezi! Bezi!'? Siku ile haikukuwa desturi?"

Kalaba alitazama chini. "Ile ilikuwa ingine."

"Ingine namna gani? Ulilia Kizungu?"

Hata vikongwe mkekani walishika mbavu. Albertine hakucheka. Baya haligeuki jema kwa kuvuka kizingiti. Mababu walilijua hilo kabla padri yeyote hajafika. Ndiyo maana walimpa mtani mdomo.

"Kesho tutakuita kwa chama," Kalaba alinguruma.

"Funika redio yako, mamba. Wewe umezoea maji, yenyewe hapana."

Wakaondoka na kitanda na redio. Cherehani ikabaki.

Kesho yake asubuhi Albertine hakungoja kuitwa. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akapita karibu na dirisha la Delphine, akasikia cherehani ikishona. Kisha akaenda kuketi kwenye benchi la mbele la ofisi ya chama. Karani alipomuuliza jina, alilitaja lote, akianza na lile la ubatizo.