Nilitafsiri "Nampenda" Kuwa "Nilikuwa Nampenda"

Nimekosa, ndugu zangu, na sitafuti wa kumsukumia lawama. Si shetani, si mtandao, wala si mchawi wa mlimani. Ni mdomo wangu na Kiingereza changu.

Mimi ni mwalimu wa tuisheni hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Jina langu liacheni, ingawa mtaani nitajulikana tu, maana watoto wananiita Ticha Dhati kwa jinsi ninavyowakazania neno "that". Hiyo ndiyo "kwamba" yao Waingereza. Mwanafunzi akisema sentensi bila "that" kwangu, anasimama mpaka aiweke! Najua wenyewe wakiongea wanaimeza, ila mimi niliona huo ni uvivu wao. Kwangu, mtu anayemeza "that" hakusoma.

Sasa sikilizeni balaa nililolifanya.

Mdogo wangu, nimwite Zuhura, alipata mchumba. Kijana wa Malawi, Muislamu mwenzetu, nimwite Yusufu, aliyekuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mpunga Dakawa. Wakati huo Kiswahili chake kilikuwa "asante" na "pole". Wao wawili walikuwa wanaelewanaje, mimi sijui, mapenzi yana mambo yake. Lakini siku ya kuja nyumbani kuposa, wazee walihitaji mkalimani. Mkalimani gani tena, na mimi nipo?

Sisi Waluguru mtoto ni wa kwa mama, na bila mjomba hakisogei kitu. Mjomba akaja kutoka Mlali na tenga lake la nyanya, akakaa kwenye jamvi na wazee wenzake. Zuhura yuko chumbani na wanawake, masikio yote mlangoni. Mimi na dera langu jipya nimeketi katikati kama hakimu. Loo, nilivyojiona!

Mjomba akaanza. "Kwao wanajua? Amewaambia nini?"

Yusufu akajibu taratibu kabisa, "I told my mother I loved Zuhura and I wanted to marry her."

Unajua kitu cha kwanza kilichoniingia kichwani? Huyu kijana hata "that" hajui kuiweka! Basi nikamwekea mimi. Nikakohoa kidogo, nikatoa sauti ya darasani: "Anasema, alimwambia mama yake kwamba alikuwa anampenda Zuhura, na kwamba alikuwa anataka kumuoa."

Mjomba akanigeukia.

"Alikuwa?" Mjomba akauliza. "Na sasa?"

"Ndivyo alivyosema, Mjomba. Wakati uliopita."

"Muulize tena."

Hapo, jamani. Hapo! Nilichotakiwa ni kugeuza shingo tu, nimuulize kijana wa watu swali moja. Lakini nikimuuliza si nitaonekana sijaelewa? Mbele ya wazee, mbele ya majirani waliojaa kibarazani?

"Mjomba," nikasema, "mimi hii kitu nafundisha!"

Mjomba akaliacha hilo. Halafu akauliza huyo mama wa kijana alijibu nini. Yusufu akatabasamu mpaka macho yakafumba. "She said she was very happy."

Nami, bila haya: "Mama yake alisema kwamba alikuwa na furaha sana."

"Alikuwa," Mjomba akarudia huku akitikisa kichwa. "Sasa hana tena." Akamgeukia mama yetu. "Dada, huyu kakatazwa kwao. Kaja kuaga kiungwana."

Ningenyamaza basi! Wapi, nikaongezea na la kwangu: "Itakuwa mama yake kabadili mawazo."

Yusufu alikuwa na kifurushi cha vitenge. Akakisogeza mbele kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Hata kifuta machozi kaleta," Mjomba akasema. "Mwambie tumemsikia. Aende salama."

Nikamwambia. Akafurahi! Akashika mikono ya wazee, mmoja mmoja, akatoka anacheka, yeye anajua posa imepokelewa. Wazee wakabaki wanaulizana ni mwanaume gani huyu anavunja uchumba na meno yote nje.

Chumbani Zuhura alilia mpaka sauti ikakauka. "Dada, kweli kasema alikuwa ananipenda?" Nikamwambia kweli. "Umesikia vizuri lakini?" Mungu anisamehe, nikamfokea. Nikamwambia kama hataki kuamini, akatafute mkalimani mwingine.

Akafunga namba ya Yusufu, wakampeleka kwa shangazi Ngerengere akapumzishe roho. Kijana alipokuja kufuata majibu, mama alikataa kumfungulia. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama na mwavuli wake uliovunjika fimbo, mvua ya Uluguru inamshukia. Nikasema moyoni, wanaume wengine ving'ang'anizi! Nikaendelea kusahihisha madaftari yangu.

Yule mtu hakukata tamaa. Alijifunza Kiswahili kwa vibarua wa Dakawa, na mpunga ulipokwisha kuvunwa akaenda Mlali peke yake, akamkuta Mjomba kwenye nyanya zake.

"Shikamoo, Mjomba. Mimi nampenda Zuhura. Nataka kumuoa."

"Zamani au sasa?" Mjomba akamuuliza.

"Siku ile, na jana, na sasa."

Mjomba alinipigia simu hapohapo, kasimama shambani. "We mwalimu. Mtu akitaka kusema 'nilimwambia mama nampenda', kwa Kiingereza anasemaje?"

Mbele yangu ubaoni kulikuwa na zoezi la siku hiyo: geuza kauli halisi kuwa kauli taarifa. Yaani wenzetu wakishaanza na "nilisema", kitenzi kinachofuata nacho wanakirudisha nyuma, hata kama jambo lenyewe bado lipo, tena la moto. Sisi tunasema "alisema anapenda", tumemaliza. Mtoto asiyerudisha kitenzi nyuma mimi namkata maksi! Kwenye karatasi kanuni hiyo naijua hata nikiwa usingizini. Kwenye mdomo wa mtu aliye hai, aliyeimeza ile "that" yangu niliyozoea kuiona, ikanipita hivihivi.

"Mjomba," nikasema, "nilikosea."

"Ulikosea, au ulikosea ukaambiwa uulize tena ukakataa?"

Nikachukua dasta, nikafuta ubao.

Ndoa ilifungwa Mlali. Shangazi wa Ngerengere ndiye aliyekaa na bibi harusi, mimi dada wa damu nikapewa vitunguu nimenye. Kila nikipita na sufuria Mjomba ananiita mbele za watu: "Ticha! Una njaa, au ulikuwa na njaa?" Watu hoi kwa kicheko. Nami nikacheka, huku naumia. Zuhura alinisalimia vile anavyosalimia wageni, akaenda zake Malawi bila kuniaga. Huyo ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa sokoni.

Juzi kajifungua. Akampigia mama simu ya video, na mimi nikachungulia juu ya bega la mama nimwone mtoto. Mama mkwe wake, nesi mstaafu, alikuwa pembeni. Akaninyooshea kidole, akauliza kitu. Zuhura akamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka, Kiingereza ambacho hakuwahi kukaa dawatini kwangu akajifunza.

"I told you she was my sister."

Na "that" hakuweka.

"Amesema nini?" mama akaniuliza.

Amesema "nilikwambia ni dada yangu"? Au amesema "nilikwambia alikuwa dada yangu"? Nilitafuta uso wake unisaidie, haukunisaidia.

"Sijui, Mama," nikasema. Neno hilo halijawahi kunitoka tangu nianze kufundisha. "Muulize mwenyewe."

Mama akamuuliza waziwazi. "Zuhura, umesema ni dada yako, au alikuwa dada yako?"

Zuhura akaniangalia, mtoto yuko begani. "Si mwalimu huyo hapo? Mwache atafsiri."

Akakata simu.

Basi nyie mliosoma, na nyie mnaojiona mmesoma, nawaomba. Ukiambiwa uliza tena, uliza! Aibu yake inaisha kabla chai haijapoa. Mimi namba ya mdogo wangu ninayo, kila jioni naishika simu nimuulize, halafu naiweka chini. Zamani niliogopa watu wasinione sijui. Sasa naogopa atakachonijibu.

Kama kuna anayejua Kiingereza kunizidi, anisaidie. Ni, au alikuwa?