Miti Yangu ya Kisimani

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu nikiwa kibandani kwangu Busia, napanga viatu vya mitumba. Alisema kuna wanunuzi wa mbao wamefika kwetu Paya, wameipenda ile mikaratusi ya bondeni, lakini hawezi kuiuza mpaka nifike mwenyewe, kwa sababu marehemu nyanya aliacha neno kwamba ile ni miti ya mtoto na asiiguse mtu. Nikamuuliza, miti gani? Naona aibu kukuambia, rafiki yangu, lakini ndivyo nilivyomuuliza.

Basi Jumamosi nikafunga kibanda nikaenda. Ila acha kwanza nikueleze pale bondeni palikuwaje, maana ukipaona leo hutaniamini.

Nyanya ndiye aliyenilea. Chini ya shamba lake la wimbi kulikuwa na kisima, si cha kuchimbwa, maji yalitoka yenyewe chini ya jiwe, baridi ya kuuma meno. Yakishajaza kidimbwi yalimwagikia kwenye mafunjo, yakajipenyeza mle mpaka Mto Malaba, ule ule ambao kule juu mpakani watu wanauvuka kwa vitambulisho. Mafunjo tuliyakata tukasuka mikeka. Mvua zikikolea kambare walipanda mpaka karibu na kisima, tukawavamia kwa vikapu, tope hadi kwenye nyusi, na jioni nyanya aliwapika kwa simsim ya kusaga tukala na ugali wa wimbi bila kusemeshana. Hata malwa, pombe ya wimbi ya kijiji, ilikorogwa kwa maji yale. Wazee waliokaa na mirija yao kuzunguka chungu walidai malwa ya maji mengine inawaumiza kichwa. Nadhani walikuwa wanajidai tu.

Kisima kile kilitufunza adabu kuliko kanisa. Hukutumbukiza sufuria yenye masizi. Hukufulia pale. Na jerikeni ya lita ishirini huwezi kujitwika mwenyewe, sharti mwenzako akuinulie. Kwa hiyo hata kama jana mmetukanana, leo asubuhi utamwambia yule yule, "Nitwike," naye hana ruhusa ya kukataa. Nyanya na jirani yetu walikuwa na ugomvi wa mbuzi aliyekula kunde, ugomvi wa tangu mimi sijazaliwa, lakini kila kukicha walitwikana, mmoja ameangalia huku na mwingine kule, midomo wameivuta. Nilikuwa nacheka mpaka nyanya ananifinya. Alipenda kuniambia kwamba kisimani hatuleti ya nyumbani.

Nikiwa darasa la tano, mwalimu wetu wa kilimo alituletea miche. Alisema kila mtoto achukue mitano akapande kwao, na penye miti mvua haipotei. Hakutuambia ni miti ya aina gani, labda na yeye hakujua. Wenzangu walipanda kwenye mipaka ya mashamba. Mimi nikajifanya nina akili. Nilimfikiria nyanya anavyosimama juani akingoja zamu yake ya kuchota, nikaipanda yote mitano kuzunguka kisima ili apate kivuli. Kila jioni niliimwagilia kwa maji ya kisima chenyewe. Ee Mungu wangu! Ilirefuka haraka kuliko ya mtoto yeyote, mwalimu akanisifu mbele ya shule nzima, na nyanya akawa anawaonyesha wageni: hii ni ya mtoto wangu.

Kisha nikaenda sekondari, na baada ya hapo Busia, na biashara ikanimeza. Mwanzoni nilirudi kila Krismasi. Halafu nikawa natuma sukari na sabuni tu. Nilipompigia nyanya na kumuuliza habari za nyumbani, alinijibu wako salama, maji yamepungua kidogo tu. Alipofariki nilifika jioni, tukazika asubuhi, mchana nikaondoka. Bondeni sikushuka.

Safari hii mjomba alinishusha. Miti imenenepa, mikono yangu miwili haikutosha kuukumbatia hata mmoja. Chini yake hakuna jani bichi, ni magamba makavu na ardhi iliyopasuka. Jiwe lipo, lakini pale maji yalipokuwa yakitokea mjusi amejilalia zake. Mafunjo waliyafyeka wakalima mpunga, nao ulikuwa umesimama wa manjano, umekata tamaa. Mjomba alisema siku hizi maji yanatoka kwenye bomba la kusukuma kule senta penye maduka, boda boda wanayabeba jerikeni nne nne, na wanawake wanakaa majumbani kuyangoja. Waliogombana hawana tena sababu ya kusemeshana. Nikamwambia akate yote, akate hata leo, halafu nikamuuliza kama maji yatarudi. Alitikisa kichwa.

Tukiwa bado pale akaja yule jirani wa mbuzi, amezeeka, anatembelea jembe. Baada ya salamu nilijikuta namlilia. Nikamwambia mimi ndiye niliyeipanda, nilikuwa mtoto, sikujua kwamba mikaratusi inanyonya maji hivi.

"Wewe hukujua," akasema. "Nyanya yako alijua, mama. Sote tulijua, maji yalipoanza kupungua. Tulikuja hapa na mapanga mara mbili. Akakaa chini ya miti yako akakataa kuondoka. Akasema, 'Mtoto akija akute nimeikata, nitamwambia nini?'"

Nilimuuliza, kisima kilipokauka nyanya alikuwa akichota wapi. Akanyoosha jembe kuelekea ng'ambo ya kilima, mbali, kule kwenye kijito cha watu wengine. Alisema alikuwa akienda peke yake, maana wanawake walimsusia kwa sababu ya ile miti, wakamwona ndiye aliyewaulia kisima. Hata jirani mwenyewe alimsusia. Akawa anabeba kijerikeni cha lita tano, kile anachoweza kukiinua bila mtu, anarudia mara tatu kwa siku.

Ilikuwa hivyo miaka sita. Na mimi nilikuwa Busia, mwendo wa asubuhi moja, nauza viatu, na ile miti nilishaisahau.