Kura Zikifungana, Pesa Zinalala

Kwa muda mrefu nilikuwa nikipita mbele ya duka moja hapa Mafubira, Jinja, nikiwa nimegeuza uso upande wa pili, mpaka watu wakadhani naumwa shingo. Siumwi shingo. Nilikuwa na hasira. Ndani ya duka lile ilikaa friza yangu, nyeupe, yenye mkwaruzo mlangoni, ikipoza soda za mtu mwingine. Mwenye duka alikuwa mkopeshaji wetu. Tulipokopa kwake aliichukua friza iwe dhamana, akasema ataihifadhi stoo. Stoo! Wiki haikuisha, mke wake akaichomeka kwenye umeme akaanza biashara ya vinywaji baridi. Ikawa mimi namlipa riba, na friza yangu inamtafutia faida huyo huyo ninayemlipa. Nilipokwenda kulalamika alinijibu kwa upole kabisa.

"Mama, friza ikikaa bila kazi inakufa. Sisi nakusaidia wewe."

Mimi ni muuza samaki. Jinja samaki si haba, lakini samaki hamngoji mtu. Bila friza, asubuhi unauza kwa bei yako na jioni unauza kwa bei ya mnunuzi. Tangu friza iondoke, jioni zangu zote zilikuwa za mnunuzi.

Na deni lenyewe lilitoka wapi? Harusi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na mimi nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni, ila sikudhani walikuwa wananisema mimi. Mume wangu ni askari jela, Mmasaba wa upande wa Mbale. Mimi ni binti wa mwanajeshi kutoka kaskazini, nimekulia kambini hapa Jinja. Yeye hajui lugha yangu, na yake mimi naijua ya kusalimia na ya kukataa sahani ya pili. Kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili, tunagombana kwa Kiswahili, na mkopo pia tuliuomba kwa Kiswahili. Vikao vya harusi vilijaa watu wa ahadi: huyu hema, yule muziki, mwingine keki ya ghorofa. Siku ilipokaribia, waahidi wakazima simu, na hema tulikuwa tumeshaziagiza. Ndipo mume wangu akaenda kwa mkopeshaji. Keki ya ghorofa nayo ilikuja. Tabaka la chini tu ndilo lililokuwa keki, mengine yalikuwa maboksi yaliyopakwa sukari, na tulilipia ghorofa zote.

Baada ya fungate kwisha, kama kulala ndani na simu zimezimwa kunaitwa fungate, mume wangu akatunga sheria. Watu wa jela hawawezi kuishi bila utaratibu. Alisema unga wa posho, maharage, kodi ya nyumba na rejesho la mkopo havina mjadala. Kitu kingine chochote, kiwe kiatu au kiberiti, kitapigiwa kura. Nyumba ina watu wawili, kwa hiyo kura ni mbili.

"Na zikifungana?" nikamuuliza.

"Zikifungana, pesa inalala."

Sijawahi kuona sheria ya kijinga inayofanya kazi vizuri namna ile. Kura zilifungana kila mara! Yeye alitaka nyama choma ya Jumapili, nikainua mkono kukataa. Mimi nilitaka kusuka nywele, akainua wake. Alileta hoja ya redio, nikaizika. Nilileta hoja ya pazia, akaizika, tukawa tunavaa nguo tumechuchumaa. Tulinuniana siku nyingi, lakini pesa zililala usingizi wa pono, na deni likapungua mwezi hata mwezi. Nakiri kuna wakati nilipinga jambo lake si kwa sababu ya pesa, bali kwa sababu alikuwa amepinga langu. Naye hivyo hivyo. Bunge gani halina mambo hayo?

Tukafika rejesho la mwisho. Mkopeshaji alitupa Jumamosi: pesa zikifika, friza inarudi, zisipofika, friza ni yake, na makubaliano tulikuwa tumeyatia sahihi sisi wenyewe kwa akili zetu timamu. Pesa zilikuwa zimetimia. Nilizifunga kwenye kitambaa nikakificha ninapojua mimi. Hapo ndipo simu ya wifi yangu, dada yake mume wangu, ilipolia kutoka Nakaloke, karibu na Mbale.

Ulikuwa mwaka wa imbalu, mwaka wa jando la Wamasaba, na zamu ilikuwa ya mwanawe. Kijana wao kabla ya kukatwa huzunguka kwa jamaa akicheza, njuga mapajani, unga umepakwa mwilini, nyuma yake kundi zima la ngoma na filimbi, na kila anakofika hupewa kitu. Kwa mjomba wake, ndugu wa mama, hapewi shilingi mbili tatu za mfukoni. Mjomba hutoa mnyama. Wifi alikuwa anatuarifu kwa furaha kwamba Ijumaa kijana anakuja Jinja kwa mjomba wake, na kundi lake lote.

Mume wangu alikaa kitandani kama mtu aliyehukumiwa. "Mbuzi," akasema. "Angalau mbuzi."

"Mbuzi ni nusu ya friza yangu," nikamwambia. "Hayo ni madeni ya kwenu."

Akasema yeye hawezi kumfungia mlango mtoto wa dada yake. Mimi nikasema hakuna haja ya kufunga mlango ikiwa hatupo. Mpango ulikuwa wangu, na mpaka leo nasema ulikuwa mzuri. Kijana anakuja Jinja Ijumaa? Basi sisi Ijumaa asubuhi tunakwenda Mbale. Tunafika Nakaloke, tunamkuta wifi, tunasikitika kwa sauti: lo, tumepishana na mtoto! Tunakunywa chai, tunarudi. Mjomba amefika kwa miguu yake, hakuna wa kumsema, na mbuzi amepona. Tukaupigia kura. Kura yake aliikawiza kidogo, kisha akainua mkono, akiwa anatazama sakafu.

Nilivaa gomesi, gauni letu refu la sherehe, na kile kitambaa cha pesa nikakifunga kiunoni, chini ya mshipi. Chumba cha jirani kilikuwa kimevunjwa na wezi karibuni, nami siachi pesa mahali nisipokuwepo.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kijana hakuwa ameondoka. Alikuwa ameanzia Busiu kwa jamaa wengine, na ndiyo kwanza alikuwa njiani kuja kuchukua wenzake kwa safari ya Jinja. Wifi alipomwona kaka yake mlangoni alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Majirani wakaja. Kabla chai haijapoa, ngoma zikasikika barabarani, na yule kijana akaingia uani akiruka, unga umechanganyika na jasho, anacheka mpaka gego. Alimrukia mjomba wake na kumpaka unga shati zima. Mume wangu akamkumbatia. Nilimwona amefumba macho.

Kisha akasimama shemeji yetu, baba wa kijana. Huyu ana sauti ya mnada, na si ajabu, maana kazi yake ni kununua na kuuza ng'ombe sokoni.

"Mumesikia, watu?" akasema. "Mjomba akifuatwa kwake, natoa mbuzi. Mjomba akijileta mwenyewe, hiyo ni heshima kubwa. Huyo natoa ng'ombe!"

Watu wakashangilia. Mpaka leo sijui kama hiyo ni mila ya Wamasaba au aliitunga pale pale. Niliwauliza wazee kadhaa baadaye, nusu wakasema ndiyo, nusu wakacheka. Ninachojua ni kwamba ng'ombe alikuwa tayari, amefungwa nyuma ya jiko, na muuzaji wake alikuwa shemeji mwenyewe.

"Kwako wewe, mulamu, bei ya nyumbani," akamwambia mume wangu, kwa neno lao la shemeji. Akaitaja bei ya nyumbani. Mkono wangu ulikwenda kiunoni wenyewe. Bei ya nyumbani ilikuwa friza yangu yote, na mkwaruzo wake.

Mume wangu akanitazama. Watu wakafuata macho yake, wakanitazama na mimi. Nikatazama chai.

"Kwetu," akasema polepole, "tunapiga kura."

Wakacheka mpaka wapiga ngoma wakaacha vijiti. Askari jela anamwomba mke kura! Shemeji alipangusa machozi. "Basi pigeni, sisi naona. Ng'ombe aje ama asije?"

Sasa fikiri mimi nilikuwa wapi. Mwanamke wa kabila jingine, uani kwa wakwe, ngoma zimenyamaza kwa ajili yangu, na mtoto amesimama mbele yangu na njuga zake, siku chache kabla ya kisu. Ningemeza ulimi wangu, friza ingekwenda. Moyo ulinidunda, nilidhani utafungua mshipi wa gomesi. Nilimpenda yule kijana. Lakini nilikumbuka jioni zangu zote za bei ya mnunuzi, na mke wa mkopeshaji anayefunga mlango wa friza yangu kwa kiuno. Nikainua mkono.

"Nakataa," nikasema.

Walichofanya wale wanawake kwa midomo yao sitakisahau. Wifi alinitazama kama mtu aliyetemea chakula. Kisha wote wakamgeukia mume wangu.

Nami nilijua atakachofanya, kwa sababu ndicho ambacho ningefanya mimi. Sheria ilikuwa ya kwake, aliijua kuliko mtu yeyote pale. Angesema ndiyo, kura zingefungana, na pesa zingelala. Friza ingepona, ng'ombe asingenunuliwa, na yeye angebaki mjomba mwema aliyenyimwa na mke wa kutoka kaskazini. Lilikuwa neno moja tu, lisingemgharimu senti. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe kabla hajalisema.

Akainua mkono wake. "Na mimi nakataa," akasema.

Alikuwa amesimama kama wanavyosimama kwenye gwaride, na unga wa mtoto kifuani.

"Mke yangu si mbaya," akasema. "Mimi iko na deni. Ile harusi mulikuja kucheza, nilikopa. Friza yake ndiyo imekaa kwa mtu, kazi yake imekufa. Kesho ndiyo mwisho. Pesa tuko nayo, ni ya kulipa. Hata tulikuja hapa kukimbia huyu mtoto." Akamgeukia kijana. "Nilikukimbia, mwanangu. Sina ng'ombe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kukimbia ulikuwa mpango wangu, naye aliubeba wote peke yake. Kwao mvulana akikatwa husimama wima, hapepesi ukope, na watu humkodolea macho kuona kama atatikisika. Hivyo ndivyo walivyomkodolea mume wangu. Hakutikisika.

Wifi ndiye aliyetangulia kusema. Alipiga makofi mara moja, akashika kiuno.

"Hata ile keki ya ghorofa mulikopa?"

"Hata hiyo," akasema mume wangu.

"Ile ilikuwa boksi! Mimi nilibonyeza kwa kidole!"

Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, kisha uwanja mzima. Ikabainika kwamba nusu ya ukoo walikuwa wameibonyeza keki yangu na hakuna aliyesema. Mimi pia nikacheka, huku machozi yananitoka. Kijana alitikisa njuga zake mbele ya mjomba wake.

"Sawa, mjomba. Basi mimi nakudai."

"Unanidai," akasema mume wangu.

"Ng'ombe jike," baba yake akadakia haraka. "Na deni ya ng'ombe nazaa ndama. Mukichelewa, tutahesabu na ndama!"

Ngoma zikalia. Nilicheza na mimi, vibaya, na kitambaa changu kiunoni, mpaka wifi akanishika mkono kunionyesha hatua. Alinishika mkono tu, na sikutaka auachie.

Jumamosi tulimlipa mkopeshaji. Mke wake aliomba tumwachie friza hadi jioni, soda zake zilikuwa bado hazijapata baridi. Nilizitoa mwenyewe, moja moja, nikazipanga juani. Tulipata mtu wa mkokoteni, mume wangu akiwa amevaa sare, anaishikilia friza kwa nyuma kama mfungwa anayeweza kutoroka. Tulipofika nyumbani alikaa kizingitini, akavua kofia.

"Jana nimeaibika mbele ya watu wa kwetu," akasema. "Na sasa nadaiwa ng'ombe na mtoto mdogo."

Nilikuwa nimeinama natafuta soketi. Nilitaka kumwambia asante, lakini katika nyumba yetu neno hilo lilikuwa halijawahi kutumika, na sikujua linaanzia wapi.

"Tunadaiwa," nikamwambia.

Akanyanyua uso kunitazama, kuona kama namtania. Nikaja nikakaa naye pale kizingitini, bega kwa bega, tukaanza kubishana ni samaki wangapi wanaofanya ng'ombe mmoja.